Kung'arisha bia ya pipa kwa mabondo ya samaki: mwongozo wa hatua kwa hatua

Bia ya pipa ya Uingereza haichujwi wala haipashwi moto wa kuua hamira. Inatoka kiwandani ikiwa na hamira hai, inaendelea kuchacha polepole humohumo pipani, na inafika kwenye glasi bila kusukumwa na gesi ya mtungi. Hii ndiyo bia ambayo chama cha wanywaji cha CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971, kimeipigania hadi leo. Lakini hamira ileile inayoipa uhai ndiyo inayoitibua. Mteja wa baa ya Leeds au Norwich akiinua glasi kwenye mwanga anataka kuona vidole vyake upande wa pili. King'arishi, dawa inayotiwa kwenye bia, kinaituliza hamira hiyo chini ya pipa kwa siku moja au mbili badala ya wiki kadhaa, na kuifanya ikae hukohuko.

Mwongozo huu ni wa anayepika bia nyumbani, aliyeajiriwa kwenye kiwanda kidogo, au anayetunza stoo ya baa huko Uingereza na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Shika jambo moja tangu sasa: king'arishi hakitengenezi bia. Kinaharakisha tu kutuama ambako kungetokea kwenyewe kwa muda mrefu. Bia yenye wanga uliobaki, bakteria, au hamira iliyopita kiasi itabaki imetibuka hata ukiitilia galoni nzima ya dawa.

Kinachotokea ndani ya pipa

Wavuvi na wachuuzi wa Mwanza, Musoma na Kisumu wanayajua mabondo: ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki, ambao wa sangara hukaushwa na kuuzwa kwa bei kubwa, hasa kwenda China. King'arishi kikuu cha bia ya pipa, aisinglasi, ni mabondo hayohayo yaliyokaushwa, yakakatwakatwa, yakalowekwa kwenye asidi hafifu ya baridi hadi yakawa uji mzito wa rangi ya maziwa mepesi. Zamani Waingereza waliagiza ya sturjoni kutoka Urusi. Mwaka 1795 mhandisi Mskoti William Murdoch aliwaonyesha wapika bia kwamba mabondo ya chewa wa bahari ya kaskazini yanafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Siku hizi mengi hutoka kwa samaki wa bahari za joto.

Bondo limejaa kolajeni, protini yenye nyuzi ndefu zilizosokotana tatu tatu. Katika uchachu wa bia, nyuzi hizo hubeba chaji chanya, na ngozi ya seli ya hamira hubeba chaji hasi. Vinavutana. Uzi mmoja unashika seli nyingi, seli zinashika nyuzi nyingine, na mwisho wake ni mabonge yanayoonekana kwa macho. Hapo ndipo faida ilipo: chembe ikiongezeka upana mara 10, kwa uzito uleule wa kila tone, huzama karibu mara 100 haraka zaidi. Seli moja moja ya hamira ingeelea siku nyingi; bonge linafika chini kwa saa chache.

Kolajeni hiyo ina adui mmoja, joto. Nyuzi zikipashwa moto husokotoka na kuwa jelatini, ambayo nguvu yake ya kukamata hamira ni ndogo zaidi. Ndiyo maana huwezi kuchemsha bondo nyumbani kama supu ukategemea litang'arisha bia, na ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu kipimajoto.

Kwa nini watu wanajali hivyo ung'avu wa bia? Sababu moja ni glasi yenyewe. Vikombe vya zamani vilikuwa vya udongo, ngozi au metali, na hakuna aliyeona kilichomo. Serikali ya Uingereza ilipofuta ushuru wa kioo mwaka 1845, glasi zikawa za bei rahisi, na bia ikaanza kuhukumiwa kwa macho kabla ya ulimi. Mimi naona hukumu hiyo ina haki yake. Bia iliyotulia vizuri ina ladha iliyo wazi zaidi, kwa sababu hamira nyingi mdomoni huleta uchungu mkavu unaofunika kimea na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu.

Hatua ya 1: Anza kwenye sufuria, kwa mwani

Kazi ya kung'arisha huanza siku ya kupika, na wengi huiruka hatua hii kisha wakalaumu mabondo. Maji ya kimea yakichemka na hopsi yanatoa protini nyingi. Protini hizo zikibaki, baadaye zitaungana na tanini, ukakasi wa maganda ya kimea na hopsi, na kuleta ukungu ambao aisinglasi haiuwezi vizuri.

Dawa yake ni karajinani, utomvu wa mwani mwekundu. Wapishi wa Uingereza na Ireland hutumia mwani wa pwani zao uliokaushwa, au vidonge vilivyotengenezwa kwa karajinani iliyosafishwa, kama vile Protafloc na Whirlfloc. Kina mama wa Paje na Jambiani wanaolima mwani Zanzibar wako kwenye biashara hiyohiyo ya karajinani. Mwani wao wa kotonii hutoa aina ya kapa, inayogandisha kwa nguvu, na aina hiyo ndiyo inayotakiwa sufuriani. Ule wa spinosamu hutoa aina nyingine, laini zaidi.

Kwa sufuria ya lita 20 hadi 23, tia nusu kidonge hadi kidonge kimoja, au kijiko kimoja cha chai cha mwani mkavu, zikiwa zimebaki dakika 10 hadi 15 za kuchemsha. Mwani mkavu uloweke kwanza kwenye maji baridi kwa dakika 20 hivi. Usiutie mapema, kwa sababu kuchemka kwa muda mrefu huuvunja. Ukizima moto, poza haraka. Utaona vipande kama mtindi uliokatika vikielea kwenye maji yanayozidi kung'aa. Viache vitulie sufuriani, chota kilicho juu, na mashapo usiyapeleke kwenye chombo cha kuchachushia.

Hatua ya 2: Punguza hamira, lakini usiimalize

Subiri kuchacha kumalizike kweli. Pima kwa haidromita, kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, siku mbili mfululizo. Namba ikiwa ileile, na bia ukiionja ni nzuri, endelea. Bia inayochacha kwa nguvu haing'ariki, kwani viputo vya gesi hunyanyua mabonge ya hamira kila yanapotaka kushuka.

Kisha poza bia hadi nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi, uiache siku mbili au tatu. Hamira nyingi itashuka yenyewe. Unachotafuta wakati wa kujaza pipa ni kati ya seli nusu milioni na milioni 2 kwa kila mililita, na milioni 1 ndiyo shabaha nzuri. Viwanda huhesabu kwa hadubini na kioo chenye mistari. Kama huna hadubini, chukua bia kwenye glasi safi na uweke kidole nyuma yake. Ukiona kivuli cha kidole bila mistari ya ngozi, uko karibu. Kama hata kivuli hakionekani, ongeza siku moja ya baridi.

Hamira chache kupita kiasi nayo ni tatizo, ingawa mgeni wa kazi hii hatarajii. Aisinglasi inahitaji kitu cha kushika. Bia iliyobaki na seli chache mno hutengeneza nyuzinyuzi nyepesi zinazoelea bila uzito wa kuzama. Tena hamira hiyohiyo ndiyo italeta gesi ya asili ndani ya pipa. Pipa bila hamira ni bia iliyolala.

Hatua ya 3: Jaribio la chupa

Hapa ndipo ningekuomba utulie zaidi, kwa sababu viwanda vingi vidogo hupima dawa kwa mazoea: "Sisi huweka painti moja kwa kila firkini." Firkini ni pipa la galoni 9 za Kiingereza, karibu lita 41, lenye painti 72. Painti moja ndani yake ni kama asilimia 1.4. Kiasi hicho kinaweza kuwa sawa kwa bia moja na kikazidi kwa nyingine. Aina ya hamira, wingi wake, uchachu wa bia, na nguvu ya dawa uliyonunua vyote hubadilisha jibu. Jaribio la chupa ni kazi ya jioni moja.

Chukua chupa tano za plastiki angavu za nusu lita, zilizooshwa vizuri. Jaza kila moja bia itokayo kwenye tangi, ikiwa ya baridi. Ya kwanza usiitie kitu. Hiyo ni shahidi wako. Nyingine nne, kwa sirinji, tia mililita 2.5, 5, 7.5 na 10 za aisinglasi ya maji iliyo tayari. Hizo ni asilimia 0.5, 1, 1.5 na 2. Andika juu ya kila chupa. Ipindue taratibu mara kumi hivi ili dawa isambae, kisha ziache zote mahali penye nyuzi 12.

Tazama baada ya dakika 15. Chupa nzuri itakuwa imeanza kuonyesha punje zinazotembea kama theluji laini. Tazama tena baada ya saa moja, na mara ya mwisho kesho yake. Usiangalie ung'avu peke yake. Angalia na mashapo: yana kimo gani? Ukiinamisha chupa polepole, yanabaki chini au yanapanda kama moshi? Dawa ikizidi, bia inang'aa juu lakini chini kunakaa tabaka nene na laini kama pamba, linalotibuka kwa mguso mdogo. Tabaka hilo ni bia unayoimwaga. Dawa ikipungua, bia inabaki na pazia jembamba.

Chagua kiasi kidogo kabisa kinachotoa bia angavu na mashapo yaliyoshikana. Hesabu ni rahisi: mililita 1 kwa kila mililita 100 ni mililita 410 kwa firkini. Kama chupa ya asilimia 1 imeshinda, pima mililita 410, si "kikombe kilichojaa kidogo". Kumbuka pia kwamba chupa ina kimo kifupi na firkini iliyolazwa ni pana zaidi, hivyo kinachotuama kwa saa 6 chupani kinaweza kuchukua siku nzima pipani.

Rudia jaribio kila unapobadilisha hamira, mapishi, au galoni ya dawa. Viwanda makini huchukua sampuli ya kila mpiko.

Hatua ya 4: Pale chupa zote zinapokataa, tia msaidizi kwanza

Kuna bia ambazo aisinglasi peke yake haizimalizi. Hamira imeshuka, lakini pazia la kijivu limebaki. Pazia hilo mara nyingi ni protini, na protini hizo hubeba chaji chanya kama kolajeni yenyewe, kwa hiyo hazishikani nayo. Hapo hutumiwa king'arishi saidizi, chenye chaji hasi, kilichotengenezwa kwa silika au kwa utomvu wa mwani. Kinazikamata protini, kisha aisinglasi inakuja kukamata mabonge hayo pamoja na hamira.

Usichanganye dawa hizi mbili kabla hazijaingia kwenye bia. Chaji zao zitakutana ndani ya kikombe chako, zitaganda papo hapo, na utakuwa umemimina takataka pipani. Hata jagi moja lisilooshwa linatosha kuharibu. Kila dawa iwe na jagi lake na sirinji yake.

Utaratibu ulio bora ni kutia saidizi kwenye tangi saa kadhaa, au usiku mzima, kabla ya kujaza mapipa, na aisinglasi baadaye. Kama lazima vyote viingie pipani siku moja, mimina saidizi kwenye pipa tupu, jaza bia sehemu kubwa ili ichanganyike, kisha ndiyo aisinglasi, kisha malizia kujaza. Kipimo chake nacho kitafute kwa chupa. Chukua kiasi cha aisinglasi kilichofanya vizuri zaidi, ukijaribie na asilimia 0.25 na 0.5 za saidizi zilizotangulia dakika chache. Bia nyingi zilizopikwa kwa mwani vizuri hazihitaji kabisa, na kama haihitaji, usiitie.

Hatua ya 5: Tia aisinglasi, funga, viringisha

Galoni ya aisinglasi huhifadhiwa kwenye friji ya nyuzi 4 hadi 10. Isigande barafu, na isipite nyuzi 20 hata kwa mchana mmoja kwenye gari. Kabla ya kutumia, igeuze mara kadhaa na uitazame. Dawa nzima ni nzito na huteleza kwa uvivu. Ikiwa imekuwa nyepesi kama maji, imeharibiwa na joto. Itupe, usiongeze kipimo ili kufidia. Vaa glavu na usiivute harufu yake kwa karibu, kwani ina asidi na salfaiti za kuihifadhi.

Pipa liwe limeoshwa na kuuliwa vijidudu. Jaza bia hadi karibu robo tatu, mimina aisinglasi uliyoipima, kisha malizia kwa bia. Mkondo wa mwisho ndio unaochanganya. Dawa iliyomiminwa juu ya pipa lililojaa tayari hukaa kama kamba mahali pamoja, ikashika hamira ya hapo tu na kuacha nyingine ikielea. Gonga kizibo cha juu, kisha viringisha pipa sakafuni mizunguko kadhaa.

Firkini iliyojaa ina uzito wa kilo 50 na zaidi. Linyanyuliwe na watu wawili.

Anayepika nyumbani anaweza kutumia mfuko wa plastiki wenye koki ulio ndani ya boksi, wa lita 20 hivi. Mambo ni yaleyale: asilimia 1 ni mililita 200. Uingereza imeruhusu watu kupika bia ya matumizi yao nyumbani bila leseni wala ushuru tangu mwaka 1963, na vyombo vyote hivi vinauzwa madukani.

Pipa likisafiri kwa lori litatikisika na bia itatibuka upya. Usihofu. Aisinglasi nzuri hukusanya hamira tena na tena, ingawa kila mara nguvu inapungua kidogo. Baada ya mara nne au tano huchoka, kwa hiyo pipa lisihamishwe ovyo kati ya stoo na stoo.

Hatua ya 6: Stooni

Joto la stoo ya bia ya pipa ni nyuzi 11 hadi 13. Iandike ukutani. Aisinglasi hufanya kazi vizuri zaidi joto la bia likiwa linapanda kidogo, mathalani kutoka 9 hadi 12, kuliko likishuka. Hiyo ndiyo sababu ya kulijaza pipa likiwa la baridi na kulipumzisha kwenye stoo yenye joto zaidi kidogo. Bia iliyofika ikiwa na nyuzi 18 kisha ikapozwa hadi 12 mara nyingi hukataa kung'aa kabisa.

Lilaze pipa kwenye kitanda chake mara tu linapofika, kizibo cha juu kikitazama dari, na likabwe kwa kabari pande zote lisicheze. Kuanzia hapo halisogezwi. Mwenye haraka akilisogeza hata sentimita chache, saa zote za kutulia zinaanza upya.

Pipa likishatulia saa chache, lifungulie pumzi. Futa kizibo kwa dawa ya kuua vijidudu, kisha gonga kigingi laini, cha mbao yenye vinyweleo, katikati yake. Geuza uso pembeni, kwa maana bia inaweza kuruka. Povu litatoka kupitia mbao. Lifute kila baada ya muda. Povu likichukua sekunde tatu hivi au zaidi kurudi baada ya kufutwa, gesi ya ziada imetoka. Ng'oa kigingi laini, weka kigingi kigumu kisichopitisha hewa, na uiache bia ijitulize. Mabonge hayawezi kuzama vizuri viputo vikiwa bado vinapanda. Stoo iwe na hewa inayopita, kwa sababu kabonidaioksaidi ni nzito, hukaa chini, na kwenye chumba kilichofungwa inaweza kuua mtu.

Siku moja kabla ya kuuza, gonga koki. Koki iwe safi, IMEFUNGWA, na iingizwe kwa pigo moja la uhakika la nyundo ya mpira katikati ya kizibo kidogo cha mbele. Mapigo matatu ya woga hutibua pipa zima. Subiri tena, kwa kawaida saa 24.

Kabla ya kufungua koki, weka kigingi laini ili hewa iingie. Chota robo painti hadi nusu uimwage: hiyo ina mashapo yaliyokaa mdomoni mwa koki. Chota tena kwenye glasi safi, iinue kwenye mwanga, inuse, kisha onja. Usimpe mteja bia kwa kuwa saa imefika. Mpe kwa kuwa umeiona.

Pipa likibaki kati ya nusu na theluthi mbili, liinue nyuma sentimita saba au nane ili bia iliyobaki iijie koki. Fanya hivyo usiku baada ya kufunga baa, taratibu kabisa, ili mashapo yapate muda wa kutulia hadi kesho. Pipa lililofunguliwa liuzwe ndani ya siku tatu, na usiku, baa ikifungwa, kigingi kigumu kirudi mahali pake.

Bia ikikataa kung'aa

Chukua glasi ya bia iliyotibuka uishike viganjani hadi ipate joto la chumba. Ikianza kung'aa, tatizo ni ukungu wa baridi: stoo yako imeshuka chini ya nyuzi 10, au mwani haukutiwa sufuriani. Pandisha joto la stoo kidogo kidogo.

Isipobadilika, dondosha tone la aidini kwenye kijiko cha bia na uitazame rangi. Ikigeuka buluu-nyeusi, kuna wanga ulioachwa siku ya kupika, na hakuna king'arishi kitakachoutoa. Usinywe sampuli hiyo. Kama bia ni chachu ya siki, au ina harufu ya siagi iliyochacha, shuku bakteria. Hao ni wadogo mno na aisinglasi huwashika vibaya. Rudisha pipa kiwandani.

Bia angavu yenye vipande vinavyoelea huwa imetibuliwa baada ya kutulia, au dawa ilizidi. Ipe siku moja zaidi. Bia yenye pazia sawasawa juu hadi chini, isiyo na wanga wala harufu mbaya, huwa na hamira nyingi kuliko kipimo cha dawa, au dawa iliyoungua. Kuongeza aisinglasi kwenye pipa lililoko stooni kunawezekana, lakini lazima ulifungue, utie, uliviringishe na usubiri upya, na kila kufungua kunaingiza hewa. Mimi ningelirudisha kwa aliyelijaza na kumweleza nilichokiona, pamoja na joto la stoo siku lilipofika, ili naye arekebishe mpiko unaofuata.

Kuna pia bia ambazo hazitakiwi kung'aa. Bia ya ngano ya Kijerumani na zile zilizotiwa hopsi nyingi mwishoni mwa kupika hupoteza sehemu ya sifa yake ukizituliza kwa nguvu.

Kwa wasiotaka samaki

Aisinglasi karibu yote hubaki kwenye mashapo, na sheria ya Ulaya ya vyakula, namba 1169 ya mwaka 2011, imeiondoa kwenye orodha ya vizio ambavyo lazima vitajwe inapotumiwa kung'arisha bia au divai. Hata hivyo, mtu asiyekula kitu chochote cha mnyama ana haki ya kujua. Guinness walitangaza mwaka 2015 kwamba wanaacha kuitumia. Wapika bia wa mapipa wana njia mbili. Ya kwanza ni ving'arishi vya silika au vya mimea. Hutiwa kwa kufuata jaribio lilelile la chupa, lakini vingi hufanya kazi mara moja tu, kwa hiyo pipa lisitikiswe baada ya kutulia. Ya pili ni kuacha dawa kabisa, kama walivyofanya Moor Beer wa Bristol, waliojijengea jina kwa bia isiyotiwa king'arishi. Hapo unachagua hamira inayoshuka vizuri yenyewe, unaipa wiki ya ziada ya baridi kwenye tangi, na unaandika kwenye kibao cha kaunta kwamba bia hii ina utusitusi wake wa asili.

Jelatini ya dukani, inayopendwa na wapika bia wa nyumbani wa Marekani, si jibu kwa watu hawa: hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya nguruwe au ng'ombe. Uliza kabla ya kununua.

Pipa likiisha

Funga koki, ing'oe, na uioshe papo hapo kabla hamira haijakaukia ndani. Ziba tundu la mbele kwa kizibo cha koki kilicho safi, na kigingi kigumu kikae juu. Pipa tupu lililoachwa wazi hukusanya inzi na ukungu kwa siku chache tu, na kiwanda kitakacholijaza tena kitalazimika kupigana na uchafu huo kabla ya kutia hata tone moja la bia. Kwenye daftari la stoo andika tarehe ya kufika, joto, saa bia ilipong'aa, na painti ulizomwaga kama mashapo. Kama zinazidi nne au tano kwa firkini, pigia kiwanda simu wapunguze dawa.